Kiu ya Gari

Jumanne saa nne asubuhi Dorine alikuwa akichovya mandazi kwenye chai ya maziwa wakati Nchagwa, bawabu, alipopanda ngazi na daftari la wageni kwapani. Nchagwa alikuwa Mkuria wa upande wa Isebania, mtu wa utaratibu. Hata mwenye jengo alikuwa akimwandikisha.

"Madam, kuna marehemu hapo chini," alisema. "Jina amejaza, saa amejaza. Lakini pale kwa 'unatoka wapi' amekataa."

"Kaburi lake liko wapi?"

"Anasema Sindo."

"Basi andika Sindo. Mwambie apande."

Marehemu alikuwa mvuvi, suruali imelowa hadi magotini. Alisalimu vizuri, akaketi kwenye benchi, akaomba kuchezewa nyimbo zote za kilio zilizomo kwenye kompyuta ili ajue upi ulikuwa wake. Dorine alimweleza kwamba nyimbo zilikuwa mia tatu na arobaini. Mvuvi akasema hana haraka.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili mjini Homa Bay, juu ya duka la mabati la mzee Abdurahman. Humo elimu tatu zilikuwa zimekubaliana kula sahani moja. Profesa Mokeira, bingwa wa historia ya fasihi, alitaka kujua sanaa ya kulilia wafu imebadilika vipi tangu enzi za mabibi. Daktari Zubair alitaka kujua watu wanakufa kwa nini, maana waombolezaji husema matangani mambo ambayo hospitali haiandiki. Bravin, kijana wa kompyuta, alitaka mashine iyajue hayo yote peke yake. Kwa miaka miwili walikuwa wamewanasa sauti akina mama kuanzia mashamba ya miwa ya Awendo hadi ufuoni Sindo, na Dorine ndiye aliyesikiliza kila wimbo kwa Kijaluo na kuuandika kwa Kiswahili.

Kazi ilikuwa nzuri hadi kamati ya maadili ya utafiti ilipotoa agizo: majina yote yafichwe, kwa heshima ya faragha. Bravin akatengeneza kitufe. Dorine akakibonyeza wiki tatu. Kila palipokuwa na jina la marehemu, wimbo ulinyamaza sekunde mbili, kisha ukaendelea kulia. Kila mfu akapewa nambari, na kila mwimbaji pia.

Sasa, yeyote aliyewahi kukaa matangani anajua kwamba wimbo wa kilio ni chakula anachopelekewa mtu. Jina ndilo linalokifikisha. Ukiondoa jina umeacha sahani njia panda, na kila apitaye ana mkono. Kamati haikuwa na mtu wa kuijulisha hilo, na kama alikuwapo, siku hiyo hakuja. Mfumo uliwashwa Jumatatu. Jumanne mvuvi akawa wa kwanza.

Kufikia Alhamisi benchi zilikuwa tatu. Wafu walifika saa nne na kuondoka saa kumi na nusu, kama wafanyakazi wa serikali, ila wao hawakuchelewa. Nchagwa aliwagawia vikaratasi vya foleni na kuwakataza kutema mate kwenye ngazi. Tatizo lilikuwa moja tu: karibu kila aliyesikiliza nyimbo zote alisema wake ni ule wa mia moja na kumi na saba. Ulikuwa hivi:

*Wee* — kimya cha sekunde mbili — *uliyecheza ng'ombe wakasahau kucheua,*
*Umeondoka mlango wazi, chungu kikichemka.*
*Gari liliitwa lije. Gari likasema lina kiu.*
*Kiu ya gari, mwanangu, imekukausha wewe.*

"Huyo ni mimi," alisema mvuvi.

"Wewe uliwahi kucheza?" akauliza mwalimu mmoja mstaafu wa Rongo, marehemu wa miaka sita.

"Si lazima uniulize hivyo mbele ya watu."

Dorine aliinamia kompyuta. Wimbo ule ulikuwa wa dada yake, Liz. Mama yao ndiye aliyeutunga, akauimba kando ya kaburi kule bondeni Lambwe alikokuwa ameolewa Liz, kisha akaurudia mbele ya kinasa sauti, akijitambulisha kama wanawake wote wa kwao wanavyojitambulisha, kwa jina la mtoto wa kwanza: Min Liz, yaani Mama Liz. Dorine alipofika hapo alibonyeza kitufe mara mbili. Mara ya kwanza alimficha dada, mara ya pili mama. Mama akawa Mwimbaji 58. Kisha Dorine alikwenda kunywa chai.

Liz mwenyewe alifika Ijumaa, amevaa kitenge alichozikwa nacho, kiunoni kimebanwa na pini kwa sababu siku ile fundi alikosa muda. Nchagwa alimsimamisha.

"Kitambulisho."

"Chifu alichukua nikifa."

"Basi acha simu."

"Simu alichukua shemeji."

Nchagwa alifikiri, akampa kikaratasi cha arobaini na mbili. Liz akapanda, akamtazama mdogo wake toka kichwa hadi viatu.

"Dori, umenenepa."

"Ni kukaa, nyaminwa. Kazi yetu ni ya kukaa, dada."

"Hata mimi nakaa tu, na sijanenepa." Akajibanza kwenye kona ya benchi. "Nani alinitoa kwa wimbo wa mama?"

"Ni mimi."

"Uliamua ama uliambiwa?"

"Niliambiwa."

"Haya. Basi ambiwa tena unirudishe."

Hapo ndipo Dorine alipogundua jambo ambalo angelijua mapema kama angesoma mkataba wake. Alikuwa na ruhusa ya kufuta. Ya kurudisha hakuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni Bravin, na Bravin hakuitumia bila barua ya kamati.

"Dorine, mimi sina shida na dada yako," Bravin alisema, akimpa Liz mkono kwa adabu. "Pole kwa yaliyokupata, siste. Lakini familia lazima iandike, na barua itoke kwa mwimbaji mwenyewe. Jina kwa barua likubaliane na jina kwa mfumo."

"Jina la mama kwa mfumo ni Hamsini na Nane," Dorine akasema.

"Basi aandike hivyo."

"Na kitambulisho chake?"

"Hicho ndicho kitakataa," Bravin alikiri.

Liz aliomba aone angalau faili yake. Dorine akaifungua. Jina: limefichwa. Umri: 34. Mahali: Lambwe. Chanzo cha kifo: hakijulikani.

"Hakijulikani na nani?" Liz aliuliza. "Mimi nakijua. Mama anakijua. Dereva anakijua."

Daktari Zubair, aliyekuwa kwenye meza ya pili, aligeuza kiti. Alikuwa mtu mpole, na hakupenda kubishana na mgonjwa, hata akiwa amechelewa kiasi hiki. Alieleza kwamba orodha ya vyanzo vya kifo ina mamia ya mistari. Kung'atwa na nyoka kumo. Kuanguka kutoka kwenye mti kumo. Gari la wagonjwa kukosa mafuta hakumo.

"Nilikuwa natoka damu," alisema Liz.

"Hiyo imo," daktari alisema kwa matumaini. "Ilithibitishwa na nani?"

"Na mkeka."

Daktari aliandika kitu, akakikata, akageuza kiti tena.

Mambo yangeweza kubaki hapo, kila mtu na kikaratasi chake, kama Jumatatu iliyofuata hangefika diwani Stanley. Alikuwa ameongoza wadi moja ya Migori vipindi viwili na alikuwa amekufa vizuri, kitandani kwake, watoto wamemzunguka. Nchagwa alimpigia saluti kabla hajakumbuka kumwandikisha. Diwani hakuchukua kikaratasi. Alisikiliza wimbo wa mia moja na kumi na saba mara moja tu, macho yamefumbwa, kisha akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetambua koti lake.

"Wamenisema vizuri," alisema.

"Mheshimiwa, wimbo unataja chungu," Dorine alisema. "Wewe ulikuwa unapika?"

"Binti, hiyo ni lugha ya ndani. Chungu ni wadi yangu. Niliiacha ikichemka."

"Na ng'ombe?"

"Ni wapiga kura."

"Na gari lenye kiu?"

"Maendeleo," alisema diwani. "Maendeleo yana kiu."

Profesa Mokeira, aliyekuwa amesimama mlangoni na begi lake, aliliweka chini na kutoa kalamu. Miaka miwili alikuwa ameusoma ubeti ule kama taswira ya ukame, na hakuwa ameridhika. Liz akamwita kutoka kwenye benchi.

"Prof, chungu kilikuwa cha omena. Nilikiacha kwa moto uchungu uliponishika. Waulize wakwe zangu, kiliungua."

"Asante, mama," alisema Profesa. "Huo nao ni usomaji. Ila umekaa juu juu kidogo."

Kikao cha kuamua wimbo ni wa nani kilifanyika Jumatano, Profesa akikiongoza kwa niaba ya kamati, meza zimeunganishwa. Diwani alileta barua yenye mhuri. Ilikuwa moja ya karatasi tatu alizozipiga mhuri zikiwa tupu enzi za uongozi wake, akazihifadhi kwenye droo kwa mahitaji yatakayojitokeza, na hitaji lilikuwa limejitokeza. Liz hakuwa na karatasi. Alikuwa na Dorine, aliyesimama akasema yeye ni ndugu wa tumbo moja na marehemu, kwamba aliyeimba ni mama yake mzazi, na kwamba yeye mwenyewe, kwa kidole hiki, alifuta jina.

Walimsikiliza hadi mwisho. Kisha Profesa akamwambia kwa upole kwamba kwa kuwa ni ndugu wa mhusika, ana mgongano wa maslahi, na akamwomba asubiri nje.

Nje, Nchagwa alimpisha kwenye kiti chake. Kwa Nchagwa hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko msiba.

"Watampa yule mkubwa," alisema.

"Umejuaje?"

"Hajawahi kupanga foleni, madam. Mtu kama huyo huwezi kumwambia arudi kesho."

Wakampa. Jina la diwani likatiwa katika zile sekunde mbili, na kwa kuwa lilikuwa refu kidogo, Bravin aliongeza sekunde ya tatu. Barua haikutoka kwa mwimbaji, lakini ilikuwa na mhuri na iliomba wazi, na faragha ni haki ambayo mwenyewe anaweza kuiachilia. Diwani alisikiliza wimbo ukimwita, akaaga kila mtu kwa mkono, akashuka ngazi na hakuonekana tena. Wafu waliobaki walisema kwamba kweli ulimkaa.

Jioni hiyo Liz aliomba Dorine amwite kwa mdomo tu, bila wimbo, aone kama itatosha. Dorine alimwita. Liz akangoja kidogo, kichwa upande, kama mtu anayesikilizia maji mferejini.

"Imefika," alisema. "Lakini ni kama chai ya rangi."

Akaendelea kuja. Siku nyingine alimsaidia Dorine kusahihisha Kijaluo cha zamani, maana kwenye benchi kulikuwa na wazee waliojua maneno ambayo hakuna kamusi iliyoyapata. Wiki moja alifika mwanamke mwingine wa Lambwe, udongo wa kaburi bado mbichi kwenye viatu. Liz alimsogezea nafasi, akamuuliza kama gari lilikuja.

"Mafuta ilikuwa," alisema mgeni. "Dereva ndiye hakukuwa."

"Basi wameendelea," Liz alisema.

Daktari Zubair alitafuta kwenye orodha. Dereva naye hakuwamo.

Makala yalitoka Juni, katika jarida la heshima. Waandishi walikuwa kumi na mmoja. Dorine alipiga chapa kurasa zote na Liz akazisoma karibu na dirisha, polepole, kama anayechagua mawe kwenye mchele. Katika ukurasa wa kumi na nne, Mwimbaji 58 alisifiwa kwa kumlilia kiongozi kwa mafumbo mazito, na kiu ya gari ikaelezwa kwa aya tano kuwa shauku ya jamii inayokimbilia usasa.

"Dori, andika," Liz alisema.

Dorine akaweka vidole kwenye kompyuta.

"Hapo hakuna fumbo. Hapo ni petroli. Walipiga simu saa mbili asubuhi. Gari lilikuwa limesimama uani kwa zahanati, dereva yuko, funguo iko, tangi tupu. Wakatafuta mafuta hadi saa nane. Saa nane nilikuwa nimeshamaliza. Mama alisema vile ilikuwa. Hakupamba."

Dorine aliandika vile vile, bila kubadilisha neno, akatuma kwa Profesa. Jibu lilikuja kwa simu, kabla ya chakula cha mchana, na Profesa alikuwa na furaha ya kweli.

"Huyo msomaji wako ana jicho," alisema. "Mshukuru sana. Nitahakikisha anatambuliwa."

Profesa alikuwa mtu wa ahadi. Makala yalipochapishwa upya mwezi uliofuata, aya tano zilikuwa pale pale, na chini kabisa ya ukurasa wa kumi na nne kulikuwa na mstari mpya kwa herufi ndogo. Liz aliusoma huku akiufuata kwa kidole:

*Waandishi wanamshukuru msomaji mmoja, ambaye angependa jina lake lisitajwe, kwa kupendekeza tafsiri mbadala.*

Alirudi mwanzo wa mstari, akausoma tena.

"Nani amewaambia ningependa?" aliuliza.

Dorine alikwenda kumuuliza Bravin, akarudi.

"Anasema hapo pa jina hujijaza penyewe."