Kompyuta Iliyohifadhiwa Darini

Kila asubuhi, kabla sijafungua duka rasmi, hufuta kioo cha mashine ya fotokopi kwa kitambaa chenye maji, kisha kwa kikavu. Hapa Mbamba Bay vumbi na harufu ya usipa, dagaa wa ziwani, huingia kila mahali, na mteja akiona doa kwenye nakala ya cheti chake, lawama ni zangu. Asubuhi ile nilikuwa bado na kitambaa kibichi mkononi mlango uliposukumwa, akaingia Dunstan amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Nyuma yake alikuja bibi yake, Bibi Bonifasia, na pamoja nao ikaingia harufu ya moshi, kana kwamba wamekuja na jiko.

"Lidia, haiwaki," Dunstan akasema.

Nilimwamkia Bibi kwanza. Akaitikia marahaba, akaketi kwenye benchi la wateja, akanieleza kwamba walitoka kijijini kwao Ukata jana wakalala Mbinga, na kwamba yeye amekuja kwa sababu mgonjwa hapelekwi hospitali peke yake. Mgonjwa alikuwa kompyuta.

Nilijua vizuri siku ile ilikuwa ya nini. Saa nne kamili chuo kimoja cha Mbeya kingempigia Dunstan simu ya video kumhoji. Walitafuta mafundi wachache wa kuwasomesha bure ubunifu wa vifaa vya kilimo, na Dunstan, ambaye ni seremala, alikuwa amechora kichanja cha kukaushia kahawa chenye paa linalofunguka na kujifunga kwa kuvuta kamba moja, kwa ajili ya mvua za milimani zisizobisha hodi. Alitakiwa kuwaonyesha michoro hiyo. Kijijini kwao mtandao unatafutwa juu ya kichuguu, hivyo mimi ndiye niliyemwambia aje afanyie mahojiano dukani. Mimi pia ndiye niliyemsaidia kutuma maombi. Kila alipokuja nilikuwa na sentensi moja ambayo niliianza na sikuimaliza. Chuoni Songea nilisomea kompyuta, kuongea sikusomea.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na robo. Nikaanza kufungua kitenge.

"Kazi yako umehifadhi?" nikamuuliza.

"Bibi ameihifadhi."

Nilidhani ananitania. Mimi nilikuwa na maana ya flashi, au angalau barua pepe. Ndipo akanieleza. Alikuwa Kigonsera mwezi mzima kwa kazi ya kuezeka, mvua zikapamba moto, na chumba chake nyumbani kinavuja. Akampigia Bibi simu, akamwomba amhifadhie kompyuta vizuri.

"Na nimeihifadhi," Bibi akasema. "Nimeiweka darini, kwenye mahindi ya mbegu."

Aliyekulia milimani anaijua dari ile: miti iliyopangwa juu ya mafiga, ambako moshi hupanda mchana kutwa ukiwafukuza fukusi wanaotoboa mahindi. Nilimtazama Dunstan. Yeye alikuwa ametazama sakafu.

"Cha kula tunakiweka chini," Bibi akaendelea, sauti imeanza kupungua. "Darini tunaweka kile tunachotaka kukiona tena msimu ujao. Sikujua pa kuihifadhi zaidi ya hapo."

Vidole vyake vilikuwa vinasokota pindo la kitenge. Nikaona kwamba nikishindwa, watakaoumia ni wawili, si mmoja. Mikono yangu ikapata haraka ambayo kwa kawaida haina.

Nilichomoa chaja, nikatoa betri, nikabonyeza kitufe cha kuwasha na kukishikilia ili umeme uliobaki ndani uishe. Nikairudishia chaja peke yake. Taa ndogo ikawaka, feni ikavuta pumzi kama mzee anayepanda mlima, kioo kikabaki cheusi. Nikaiunganisha na kioo cha kompyuta ya duka: giza vilevile. Ningeweza kuitoa diski nikaisoma kwenye mashine nyingine, ila waya wa kazi hiyo nilimwazima mtu wa Liuli na haujarudi. Nikawasha tena, nikainamisha sikio. Ikalia, mlio mfupi unaojirudia.

"Inalia njaa au maumivu?" Bibi akauliza.

Nikamwambia ni maumivu, na kwamba ni habari njema, kwa sababu mashine inayolia hivyo inaonyesha panapouma. Mlio ule niliujua: kompyuta ilikuwa haiioni RAM yake, ile kumbukumbu inayoitumia ikiwa kazini.

Nilipofungua mfuniko wa chini, masizi yalitukaribisha. Yalikuwa kwenye feni, kwenye skrubu, kila mahali, membamba na yenye mafuta. Dunstan akaguna. Bibi akanyanyuka, akachungulia juu ya bega langu kwa muda mrefu.

"Lakini fukusi humo hata mmoja hamna," akasema.

Dunstan alijaribu kukasirika, akashindwa, akacheka hadi akajifuta macho. Nami nikacheka. Nilisafisha feni kwa brashi ya rangi, nikachomoa vile vipande viwili vya RAM. Meno yake, ambayo huwa ya rangi ya dhahabu, yalikuwa ya rangi ya sufuria. Nikachukua raba ya kufutia penseli, nikayasugua taratibu mpaka yakang'aa, nikayapangusa, nikavirudisha.

Saa nne kasoro dakika kumi. Nikabonyeza. Ikalia tena.

Nilivitoa vyote viwili, nikarudisha kimoja, nikakisukuma kwa kidole gumba hadi nikasikia ta, nafasi yake ikikikamata. Nikabonyeza mara nyingine. Feni ikazunguka. Kimya, hakuna mlio. Kisha kioo kikawa cha kijivu, kikawa cha buluu, na jina la Dunstan likajitokeza katikati kama mtu anayetoka ndani kuuliza mnamtaka nani.

Bibi alipiga kigelegele kilichomtoa nje mwuza vitumbua wa jirani. Nilinakili michoro yote kwenye flashi, mikono imejaa masizi, nikamwambia Dunstan sasa ndiyo imehifadhiwa.

"Kwa hiyo kule ilikuwa haijahifadhiwa?" Bibi akauliza, na hatukuwa na muda wa kumjibu, maana simu ya Mbeya iliingia.

Mimi na Bibi tulitoka kibarazani. Kupitia mlangoni tulimsikia akianza kwa kigugumizi, halafu akasahau kuogopa, akaeleza jinsi kamba inavyopita na kwa nini paa halishiki maji. Bibi alinishika mkono wangu mchafu, hakuuachia. Dunstan alipotoka, uso wake ulitangulia kutoa habari: wamemchukua, Jumatatu ijayo anatakiwa kuripoti.

Nilifurahi hadi nikahisi nitapaa, na palepale nikaanza kuhesabu siku zilizobaki hadi Jumatatu. Bibi alivuka barabara kwenda kununua vitumbua vya kusherehekea. Dunstan akaifunga kompyuta, akanisukumia mezani. Chuoni watampa nyingine ya kutumia, akasema, na hii haiwezi kurudi nyumbani penye moto. Akaomba nimhifadhie.

"Nitaihifadhi," nikasema. "Nitaiweka darini."

Akacheka. Akaniambia nisithubutu, Bibi mmoja anatosha.

Ilikuwa ndiyo nafasi ya kucheka naye na kurudi kwenye mashine yangu ya fotokopi. Nilikwisha kukiokota hata kitambaa. Nikakiweka chini.

"Sisemi kompyuta, Dunstan. Nasema wewe. Nenda, na mimi nitakungoja."