Kipande cha Kufungwa Gazetini

Mume wangu ni seremala, na ana mtindo wake: akikata sehemu ya mlango iliyoliwa na dumuzi, humfungia mteja kipande hicho kwenye gazeti. Asije mtu akasema kalipia kazi hewa.

"Daktari, na mimi nitataka changu," alimwambia daktari wa upasuaji asubuhi ile, akiwa ndani ya gauni la hospitali lililomwacha mgongo wazi.

Daktari alicheka, halafu akaacha. Akarudia maelezo yake taratibu. Saratani hii ya mapafu, ya chembe ndogo, husambaa upesi; wengi hawafiki hata kwenye kisu. Yake ilionekana uvimbe mmoja tu. Wangeanza na tundu dogo chini ya koo, wapime tezi za katikati ya kifua. Zikiwa safi, wangemfungua ubavu watoe sehemu ya pafu, kisha dawa zifuate. Zikiwa zimeguswa na saratani, wangefunga.

"Mfunge na ugonjwa ndani?"

"Kukata hakutakusaidia, mzee. Tutakuongezea kidonda tu."

Mume wangu akanigeukia. "Mama watoto, nikiamka ubavu unaniuma, ujue mambo safi."

"Utapiga kelele wodi nzima, nakujua."

Nilijua wakimfungua watakaa humo hadi mchana. Waliponiita, nilikuwa sijamaliza chai. Daktari hakuhitaji kusema, lakini alisema.

Binti yetu akapiga simu. "Mama, wametoa?"

"Hawajatoa. Tezi zimeguswa."

"Usimwambie leo, jamani. Apate nguvu kwanza."

"Atajipapasa, mwanangu. Ana mikono."

Na kweli. Alipozinduka, mkono ulikwenda ubavuni kabla hajafumbua macho vizuri. Ukapita ubavu mmoja baada ya mwingine, kama anavyokagua mbao, ukapanda hadi kwenye plasta ya kooni. Ukatulia hapo.

"Kipande changu?" Sauti ilikwaruza.

"Hakuna. Wamefunga. Utapewa dawa za dripu na mionzi, kuanzia wiki hii."

"Za kuponya?"

"Wachache hupona. Wengi hupata muda."



"Yule mwenye kabati la milango mitatu, mwambie atafute fundi mwingine."

"Utalimaliza mwenyewe."

"Mama watoto."

Nikatoa simu kwenye mkoba, nikatafuta namba ya mwenye kabati.