Maonyesho ya Mashine Kuukuu ya Ubaruku

Wanaojigamba leo kwamba ndio walioanzisha maonyesho ya mashine kuukuu za kilimo pale Ubaruku ni wengi, na karibu wote ni waongo. Yalianzia Guangzhou mwaka 2008, kwenye meza ya kukatia nguo.

Herieth alikuwa mnunuzi wa jinzi. Kule nyumbani baba yake, Mzee Didas, alikuwa na trekta dogo la mkono la Kichina, lililokufa tangu flaiwili, lile gurudumu zito la injini, ilipopasuka. Masikio ya mzee yalikuwa yakiziba mwaka hadi mwaka, naye alimwomba binti yake jambo moja tu: alisikie likiunguruma kabla hayajaziba kabisa.

Herieth aliikuta flaiwili kama ile katika karakana ya kushona, mtaa wa Kangle, ikikandamiza vitambaa visisogee wakati wa kukata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama miezi mitatu. Kila alipoomba auziwe, laoban, bosi mwenye karakana, alijibu meiyou, hakuna, na kitu kiko mbele ya macho yao wote wawili.

Mwaka ule viza zilikuwa haziongezwi ovyo. Polisi walimdaka barabara ya Guangyuan Xilu, viza imepitiliza siku kumi na mbili, wakampa siku tatu awe ameondoka. Tiketi yake iliruhusu begi moja la kilo ishirini na tatu. Belo lake la jinzi, mtaji wake wote, lilikuwa bado halijapata nafasi kwenye kontena. Mwenye akili timamu angejaza jinzi kwenye begi.

Yeye alilikokota belo mpaka Kangle, akalibwaga mezani.

"Laoban, hili nalo ni zito," akasema. "Litashika vitambaa. Nipe chuma."

Laoban alilisukuma, halikusogea. Safari hii hakusema meiyou.

Herieth alipanda ndege flaiwili imo begini, amevaa jinzi tatu, moja juu ya nyingine, kama walivyozoea wenzake kukwepa mizani.

Ubaruku watu walijaa uani kumcheka aliyekwenda China akarudi na chuma chakavu. Fundi akafunga flaiwili, trekta likakohoa mara nne, likawaka. Wazee walioona wivu wakakimbilia majumbani kuleta mashine zao za kukoboa na plau za ng'ombe, nazo zionekane. Mwaka uliofuata wakazileta tena.

Mzee Didas hakugeuka injini ilipowaka. Herieth akaelewa kwamba amechelewa, na roho ikamuuma. Akamshika baba yake mkono, akauweka juu ya injini iliyokuwa ikitetemeka. Mzee akafumba macho, akakaa hivyo mpaka dizeli ikaisha.

"Ni lenyewe, mwanangu," akasema.