Samaki wa Urvi

Katika nyumba ambayo kwa dini yao hawali kiumbe chochote, na hata kitunguu hakijawahi kuvuka kizingiti, Urvi alikuwa akila samaki kila asubuhi, kwa siri, katika vidonge vya omega, yaani mafuta ya samaki. Alisoma kwenye simu kwamba mama anayenyonyesha akivimeza, mtoto huwa na akili. Mwanawe Mahi alikuwa na miezi mitano, na akili hizo mpaka sasa zilionekana pale alipomchagua baba yake kuwa wa kumtapikia.

Shida ni kwamba tangu usichana, chembe za kugandisha damu za Urvi zilikuwa chache: elfu arobaini, wakati wenzake wana laki na nusu kwenda juu. Sasa jino lilikuwa limeoza, na daktari wa meno hakukubali kuling'oa bila barua ya daktari wa damu.

Mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Ba, aliingia naye kwa daktari wa damu kama kawaida, akakalia kiti cha mgonjwa.

"Kuna kingine unachotumia nje ya dawa zangu?" daktari aliuliza. "Mitishamba, mafuta, vidonge?"

"Anakula ninachopika mimi," Ba akajibu.

"Na hii michubuko mikononi?"

"Najigonga kwenye kabati," Urvi akasema.

"Hilo kabati lina chuki," akasema Ba.

Daktari akaanza kuandika barua. Urvi akaitazama ile kalamu. Akajiona kwenye kiti cha meno, damu haikatiki, na majirani wakisema: maskini, amekufa hajawahi kuonja nyama. Sifa nzuri kabisa, ila nani angemnyonyesha Mahi? Na yeye, msomi mzima wa masomo ya jioni, alikuwa amezisoma faida zote za omega, akaruka tahadhari kwa sababu herufi zake zilikuwa ndogo.

"Daktari, nakula samaki," akasema.

Ba akageuka taratibu. "Samaki wangapi?"

"Sijui, Ba. Wanakuja wameshakamuliwa. Vidonge viwili kwa siku, miezi mitatu sasa."

Daktari akaweka kalamu chini. Akaeleza kwamba mafuta hayo hayapunguzi idadi ya chembe, lakini yanaweza kuzifanya zizembee kushikana, na Urvi hana za akiba. Aache leo leo. Jino lisubiri wiki mbili, damu ipimwe tena.

Nje, Ba alitangulia mpaka kituo cha bajaji. Urvi akamfuata huku ameshika shavu, akitunga ombi la msamaha ambalo kila sentensi yake ilinuka samaki.

"Lazima mtu afunge kwa ajili ya roho za wale viumbe," Ba akasema hatimaye.

"Nitafunga, Ba. Hata kesho."

"Ufunge na nani anyonyeshe? Nitafunga mimi." Akapanda bajaji, akasogea kumwachia nafasi. "Wewe utakula ninachopika, na safari hii iwe kweli."

Urvi akaketi. Jino lilimpiga mpaka sikioni, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu hakuwa na la kuficha.