Sentensi Nne za Jumamosi

Mimi sina subira, na wanafunzi wangu wanalijua hilo. Nafundisha watu wazima Kiingereza kwenye chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi, asubuhi, mara mbili kwa wiki. Chini wanakata vyuma, juu mimi napiga kelele. Siku hiyo somo lilikuwa jepesi: namna ya kumwalika rafiki mtoke pamoja. Niliandika ubaoni sentensi nne kwa Kiingereza. Una nafasi Jumamosi? Twende tukanywe chai? Saa ngapi? Haya, tuonane hapo.

Nikawasimamisha dereva wa lori na dada wa saluni waigize. Lo, dakika tatu nzima wanasalimiana. Dereva aliuliza habari za nyumbani, za kazi, za watoto, za mama mkwe, na yule dada hata hajaolewa. Jumamosi hawakuifikia.

"Jamani, chai itapoa kabla hamjaalikana," nikasema. "Hujambo moja, kisha mpango. Habari nyingine zote marufuku humu ndani."

Halafu nikawapa kazi: kila mmoja ampigie rafiki yake wa kweli, simu iwe kwenye spika, wapange kwa Kiingereza. Tulicheka mno. Rafiki wa mpishi alidhani anatapeliwa, akakata.

Zamu ikamfikia fundi wa mafriji, mzee mpole ambaye tangu aanze darasa hajasema neno asiloulizwa.

"Mimi sina wa kumpigia, mwalimu."

"Kila mtu ana rafiki, mzee wangu. Usinikwepe."

Ulimi hauna mfupa, na wangu ndio kabisa. Mzee akaitoa simu yake mfukoni.

"Alikuwepo mmoja. Tulifungua karakana pamoja, tukala sahani moja miaka ishirini. Mke wangu alipofariki, hakuja kuzika. Huu mwaka wa tisa hatusemezani."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia akae tu, nimwite mwingine.

"Hapana," akasema. "Namba yake ninayo. Nimeishika simu hii mara nyingi. Lakini kwa Kiswahili naanzia wapi? Nikisema habari za siku nyingi, nimeshamlaumu. Nikimuuliza za nyumbani, ataniuliza za kwangu, na tumerudi kwenye msiba. Hizi zako za ubaoni hazina msiba ndani yake."

Akabonyeza. Simu ikaita mpaka nikadhani haitapokewa.

"Haloo," ikasema sauti nzito.

Fundi akasimama wima, macho ubaoni, akasoma kwa Kiingereza neno moja moja: "Hujambo. Una nafasi Jumamosi?"

Tulimsikia mtu akipumua upande wa pili.

"Usikate, baba, usikate," dada wa saluni akanong'ona, na hakuwa akimwambia fundi.

Kisha ile sauti ikajibu, kwa Kiingereza cha kuokoteza kwenye vitabu vya mashine: "Nafasi ninayo."

"Twende tukanywe chai?"

"Twende."

"Saa ngapi?"

Hapo yule mtu akakwama. Tulimsikia akitafuta neno, akilikosa, akianza tena. Mwishowe akasema kwa Kiswahili, "Jumamosi mbali, ndugu yangu. Tulikuwa tumegombana wiki ile. Siku ya mazishi nilifika mpaka kona ya kwenu, miguu ikagoma. Nikasema nitakuja kesho, na kesho yenyewe ndiyo hii. Uko wapi sasa hivi?"

Miaka kumi na sita nimeshika chaki, nawagombeza watu kwa ajili ya matamshi, na sikuwahi kujua kwamba maneno yale ya kitoto yanaweza kubeba mzigo mkubwa namna ile. Nilikaa kwenye dawati kama mwanafunzi. Dereva wa lori alikuwa amevua kofia.

"Niko darasani," fundi akamjibu. "Juu ya duka la vifaa vya ujenzi."

"Nakuja."

Darasa huisha saa sita. Saa sita ikafika, ikapita, hakuna aliyegusa mkoba wake, na mimi sikumwambia mtu aende. Tuliposikia viatu kwenye ngazi, fundi akainuka, akaenda kufungua mlango mwenyewe.