Nusu ya Shemeji

Tangu dada yake afariki, fundi cherehani alikuwa na mazoea ya kumtazama shemeji yake kiunoni kabla ya kumtazama usoni. Hakuwa na nia mbaya. Macho ya mtu aliyeshona nguo maisha yake yote huenda kwenye nguo kwanza, na nguo za shemeji hazikumpa raha. Suruali ya kijivu aliyomshonea baada ya msiba ilikuwa imejikunja chini ya mkanda kama mdomo wa gunia, na kila shemeji huyo, aliyekuwa seremala, alipoinama kuokota ubao, mkono mmoja ulilazimika kubaki nyuma kuishikilia.

"Shemeji, unakula kweli?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

"Chakula."

Zamani jibu kama hilo lingemchekesha. Sasa lilimtia wasiwasi. Vipimo vya shemeji alivijua kwa moyo tangu alipomshonea suti ya harusi, wala hakuwahi kumpima tena. Kumpima mtu wa nyumbani kila mara aliona ni sawa na kumuuliza jina lake. Ikiwa suruali iliyokatwa kwa vipimo vilevile ilikuwa inampwaya, basi aliyepungua ni mvaaji. Kwa hiyo alimpigia simu mpwa wake, binti pekee wa seremala, aliyekuwa akiishi na mumewe katika mji mwingine.

"Baba yako anakwisha," alimwambia. "Nguo zinamning'inia."

Binti hakungoja maelezo zaidi. Alimtaka baba yake afunge karakana mwisho wa mwezi na kuhamia kwake. Na seremala, ambaye hakuwahi kukubali jambo lolote bila kulibishia kwanza, safari hii alisema sawa.

Hapo ndipo fundi cherehani alipotambua alichokifanya. Alitaka shemeji yake aangaliwe, hakutaka aondoke. Katika mtaa mzima alikuwa amebaki mtu mmoja tu wa kumwita shemeji, na mtu huyo alikuwa ameanza kufunga misumeno yake kwenye magazeti. Usiku na mchana alijiuliza swali ambalo aliona haya kumuuliza mtu: watu wawili waliounganishwa na wa tatu, huyo wa tatu akishaondoka, wanabaki kuitana nani?

Kusema "usiende" hakuweza. Koo lake halikuwa limezoea maneno ya namna hiyo. Akaenda karakana na ombi lingine.

"Kabla hujaondoka, nitengenezee ubao wa dama."

Ubao wao wa zamani ulikuwa umeharibika. Kwa miaka mingi walicheza kila alasiri barazani kwa fundi cherehani, wakitukanana kwa adabu, na marehemu akipita na ndoo yake alikuwa akisukuma kete moja bila kuulizwa, kisha anaondoka zake, na aliyesukumiwa anashinda. Siku za msiba ubao ulisahauliwa nje, ukanyeshewa, ukavimba na kubanduka.

Seremala hakuacha kupiga randa. "Ubao wa kucheza na nani?"

Fundi cherehani akafikicha ncha ya futikamba, futi ya kitambaa iliyokuwa shingoni mwake. "Watu hawakosekani."

Randa ikaenda na kurudi mara kadhaa. Halafu ikasimama.

"Nusu nitatengeneza mimi," alisema seremala. "Nusu utatengeneza wewe."

"Mimi? Mimi ni fundi wa nguo."

"Sasa utashona mbao."

Akamwonyesha namna yake. Ubao huo usingekuwa na gundi wala msumari. Kila mraba ungekatwa peke yake, wa mbao nyeupe au wa mbao za kahawia, na kila mraba ungekuwa na vijino pande mbili na matundu pande mbili. Kijino kilikuwa na kichwa kipana na shingo nyembamba. Kikishaingia katika tundu la jirani kutoka juu, hakivutiki tena kwa ubavu. Upande wa kila mraba, sentimita tano kamili. Mwanafunzi angekata kwanza kipande kimoja cha mfano, kisha angekifuata kile katika vyote vingine bila kubahatisha.

"Gundi inaficha uongo," seremala alieleza. "Hapa kila kipande kinamtegemea mwenzake."

"Kama kifungo na tundu lake."

"Umeanza kuelewa. Chukua na rula hii ya chuma."

Fundi cherehani aliisukuma rula ile kwa kidole, kwa upole, kama mtu anayekataa kuongezwa chakula. "Hii futi ilisomesha watoto wangu, shemeji. Nikapimie cha mwingine?"

"Shauri yako."

Basi akaanza. Alifunga jiliwa dogo la kubania mbao, la kuazima, kwenye pembe ya meza ya kukatia vitambaa, na kati ya mteja na mteja alikata mbao kwa msumeno mwembamba kama uzi. Mwanzoni vijino vilivunjika shingo. Baadaye aligundua kwamba kona ya mbao, kama kona ya mfuko wa shati, haipendi kuharakishwa: unasimama, unageuza kazi, ndipo unaendelea. Unga wa mbao uliingia kwenye cherehani, kwenye chai, kwenye mikunjo ya nguo za watu.

"Fundi, gauni langu umelishona au umelipiga randa?" aliuliza mama mmoja aliyekuja kulichukua, huku akilikung'uta mlangoni.

"Nimelishona, mama. Msasa nimekupa bure."

Alifanya kazi kwa utaratibu ambao hata mwenyewe ulimshangaza. Kila kipande alikilinganisha na kile cha mfano, akakipitishia tupa, akakilinganisha tena. Alijiambia kwamba nusu yake ikiwa nzuri, shemeji atakuwa na neno la kusema juu yake. Na mtu mwenye neno la kusema huketi. Na akiketi, huenda siku moja ikapita, na nyingine.

Siku ya kuunganisha aliibeba nusu yake kwenye sinia, imefunikwa kitambaa. Karakana ilikuwa imeanza kuwa na mwangwi; rafu zilikuwa tupu, na mzigo wa kwanza ulikuwa umefungwa kamba karibu na mlango. Seremala aliweka nusu yake juu ya meza. Fundi cherehani akaiweka ya kwake kando. Miraba minane upande huu, minane upande ule, kijino kikikabili tundu.

Mraba wa kwanza uliingia vizuri, kwa sauti ndogo ya kuridhisha. Wa pili uliingia kwa kusukumwa. Wa tatu ulikataa. Na huko mwisho kabisa nusu ya fundi cherehani ilikuwa imechomoza kwa upana mzima wa kidole, kama shati lililozidi koti.

Fundi cherehani alihisi masikio yake yakipata moto. Hicho ndicho atakachokwenda nacho seremala mjini, aliwaza: kwamba shemeji yake hata nusu ya ubao ilimshinda.

Seremala alikichukua kipande cha mfano, akakiweka kwenye rula ya chuma. Akanyoosha mkono. "Hebu hiyo futi yako."

Akailaza futikamba juu ya rula, sifuri juu ya sifuri. Namba zilianza safari pamoja, lakini kadiri zilivyosonga ndivyo za futikamba zilivyozidi kuchelewa, mpaka arobaini yake ikaangukia nje kabisa ya arobaini ya chuma. Kitambaa kile kilikuwa kimevutwa na kuvutwa mabegani mwa watu kwa miaka, kikarefuka.

"Haiwezekani," alisema fundi cherehani. "Mbona wateja wangu hawalalamiki?"

"Unawapima kwa nini?"

"Kwa hiihii."

"Na unakata kwa hiihii. Basi kosa linajifuta lenyewe." Seremala alisita. Alijitazama kiunoni, akaivuta suruali ya kijivu mbele, ikaja mbali. "Na mimi unanipima kwa nini?"

Fundi cherehani aliitazama suruali ile. Alikuwa anampima kwa kichwa. Namba za siku ya harusi, zilizochukuliwa futikamba ikiwa mpya, sasa alizikatia kwa futikamba iliyochakaa.

Seremala aliingia chumba cha nyuma, akarudi na suruali tatu za zamani. Akazigeuza ndani nje juu ya meza. Katika kila moja, nyuma ya kiuno, chini ya mshono wa cherehani, kulikuwa na mshono mwingine wa mkono, mdogo mdogo, uliopunguza kiuno, ulioinamia kushoto. Fundi cherehani aliujua. Yeye ndiye aliyemfundisha dada yake kushona, na alishindwa kumfanya ashike sindano kwa mkono wa kulia.

"Kila ulipoleta suruali, alikaa nayo jioni moja kabla sijaivaa," alisema seremala. "Nikimuuliza, ananiambia anakaza vifungo."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Akuambie wewe kwamba futi yako imechakaa?"

"Ningesema rula yako ndiyo imesinyaa."

Seremala alianza kucheka, polepole, kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Kisha akaketi juu ya mzigo uliofungwa kamba, akafuta macho kwa kiganja. Fundi cherehani naye alikuwa akipitisha kidole gumba juu ya mshono ule, mbele na nyuma.

"Kumbe sikukonda," alisema seremala.

"Hukukonda."

"Na nani alimwambia binti yangu nimekonda?"

"Mimi, shemeji." Akaacha kuupapasa mshono. "Nilidhani unakwisha. Sikumwambia akuchukue."

Seremala aliinuka, akaishika nusu ya fundi cherehani kwa pembe moja na kuinyanyua. Ikaning'inia nzima, wala hakuna kipande kilichodondoka.

"Ipige randa mpaka itoshe," alisema fundi cherehani, akitazama pembeni.

"Nikiipunguza, shingo zote zitalegea. Hii ni nzuri ilivyo. Ina kosa, lakini ni kosa lilelile mwanzo hadi mwisho." Akailaza chini kwa uangalifu. "Nitakata upya ya kwangu. Futi iache hapa."

"Mwezi unaisha."

"Na uishe." Alikuwa ameshaanza kufungua magazeti kwenye msumeno. "Mpigie mpwa wako. Wewe ndiye uliyempa vipimo, mpe vingine."

Fundi cherehani alitoa simu, akairudisha mfukoni. Akaichukua futikamba mezani.

"Simama kwanza. Sitaki kumdanganya mara ya pili."

"Kwa hiyo hiyo?"

"Kwa hiihii. Nyanyua mikono."

Seremala akanyanyua mikono, msumeno katika mmoja, gazeti katika mwingine. Futikamba ikamzunguka kiunoni kwa mara ya kwanza tangu ile suti.

"Na usibane tumbo, shemeji," alisema fundi cherehani.