Chombo Kilichosuguliwa

Mke wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya Mzungu, alikirudisha kile chombo cha maziwa kikiwa cheupe kama mfupa.

"Nimekisugua mwenyewe kwa sabuni na brashi," alisema, na karani Gershom akamfasiria Qabale kwa Kiorma. "Sasa ule msuko mzuri unaonekana. Kilijaa masizi."

Qabale alifungua kifuniko, akanusa. Sabuni. Alikuwa amekisuka kwa mizizi miezi saba, kisha miezi mitano akakifukiza kila siku, mpaka ndani kikawa cheusi na moshi ukakolea. Alikipeleka kwenye maonyesho ya Garsen kwa kuwa chifu aliamuru kila boma litoe kitu, na huko memsabu huyu akakiazima. Zilibaki siku kumi bintiye Darmi aolewe na kukibeba kwenda ukweni. Mama mkwe hatazami msuko. Hufungua, hunusa, na hapo ameshajua bibi harusi ametoka kwa mama wa namna gani.

"Mwambie ni kizuri," alisema Qabale.

Gershom alimtazama. "Kweli, Mama Darmi?"

"Fasiri, karani. Hukuajiriwa kupima moyo wangu."

Memsabu alifurahi. Keshokutwa Mkuu wa Jimbo angekuja kunywa chai. Je, Qabale angekubali maziwa ya wageni yatiwe mle?

"Nitayaleta mwenyewe," alisema Qabale.

Alishona kauri shingoni, nyingi kuliko alivyopenda. Jioni ya kesho yake akakamua, akajaza, akakifunika. Darmi alimshika mkono. "Mama, bila moshi yataharibika."

"Najua yatafanya nini. Kalale."

Asubuhi wageni walikisifu sana chombo. Mmoja alikipiga picha. Kisha memsabu akamimina. Maziwa yalitoka kwa mabonge, yakakatika ndani ya chai, na harufu ya sabuni na mizizi iliyovunda ikaenea mezani. Mkuu wa Jimbo, aliyekwisha kupiga funda moja, alitema kwenye leso.

Memsabu alimfuata Qabale jikoni, mashavu mekundu. "Kwa nini hukuniambia?"

Gershom alifasiri akitazama sakafu.

"Hukuniuliza chombo ni cha nini," alisema Qabale. "Uliuliza sabuni iko wapi."

 Memsabu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba angeweza kutuma watu wakate kuni za kukifukiza upya.

"Kuni ninazo. Niletee miezi mitano."

Qabale aliondoka akakiacha chombo palepale mezani, na kauri zake.

Siku ya harusi Darmi alibeba chombo cha kuazima cha shangazi yake. Mama mkwe alifungua, akanusa, akauliza, "Huu ni moshi wa nani?" Wanawake wote walitazama chini. Darmi pia.

Tangu hapo, kila Qabale akipita nyumba ya Bwana Shauri na ng'ombe wake, husimama langoni akamuuliza mpishi kama kile chombo bado kinanuka. Mpishi hujibu kwamba bado. Ndipo Qabale huendelea na safari.